Kulinda Ulaji Bora na Afya ya Mwili Maisha Yanapobadilika

Watu wengi wanaofika kwa afisa lishe wakiwa wameongezeka uzito kwa kasi, au wakiwa wameambiwa kwa mara ya kwanza kuwa shinikizo lao la damu liko juu, husema kwamba zamani hawakuwa hivyo. Ukiwasikiliza kwa utulivu utagundua kuwa hiyo zamani yao ina mpaka unaojulikana: ni kabla ya kuhamia mjini, kabla ya kuolewa, kabla ya mtoto wa pili, kabla ya kupandishwa cheo na kupewa gari, kabla ya kustaafu au kabla ya kufiwa na mwenzi. Hakuna siku ambayo mtu huyo aliamua kula vibaya au kuacha kutembea. Maisha yake ndiyo yaliyobadilika, na chakula chake pamoja na shughuli za mwili wake vikabadilika bila yeye kushauriwa.

Sisi tunaotoa elimu ya lishe tumezoea kusisitiza nia, na nia ni muhimu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tabia zetu za kila siku hubebwa na mazingira: umbali wa kwenda shambani au kituoni, mtu anayepika nyumbani, idadi ya watu wanaokula pamoja, saa ya kutoka kazini, na siku fedha zinapoingia. Mazingira hayo yanapoondoka, tabia iliyokuwa ikibebwa nayo huondoka pia, hata kama mwenye tabia hiyo bado anaipenda. Kwa sababu hiyo, anayeingia katika hatua mpya ya maisha anapaswa kujiuliza mapema ni nini hasa kilichokuwa kikimfanya ale vizuri na kuutumia mwili wake, na sasa ataweka nini mahali pa kitu hicho.

Tuchukue mfano wa kijana aliyekulia katika familia ya wakulima mkoani Singida au Dodoma. Nyumbani kwao alitembea kwenda shambani, alilima kwa jembe la mkono, alibeba maji na kuni, na jioni alikula ugali wa mtama au uwele kwa mlenda, kunde au maharage. Hakuwahi kuyaita hayo mazoezi wala ulaji bora, kwa kuwa ndivyo watu wote walivyoishi. Akipata kazi Dar es Salaam, iwe ya ulinzi, ya dukani au ya ofisini, huamka alfajiri, hupanda daladala, hukaa au husimama mahali pamoja kutwa nzima, kisha hurudi usiku akiwa amechoka. Uchovu huo ni wa kweli, lakini ni uchovu wa foleni na wa kukosa usingizi, haukutokana na misuli iliyofanya kazi. Asubuhi hunywa chai yenye sukari nyingi kwa chapati mbili, mchana hula sahani ya wali iliyojaa kwa mama ntilie, na usiku hununua chipsi mayai na soda kwa sababu hana muda wala jiko la kupikia. Ukubwa wa sahani umebaki ule wa mtu anayelima, ilhali jembe halipo tena.

Mabadiliko hayo yanaonekana pia katika takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, na utafiti wa 2015-16 ukaonyesha kuwa kiwango hicho kimefikia asilimia 28, huku wanawake wa mijini wakiwa na kiwango cha juu zaidi kuliko wa vijijini.

Hatumwambii kijana huyo amkimbie mama ntilie, kwani ndiye anayelisha mji. Anaweza kumwomba apunguze wali na kumwongezea maharage na mboga za majani, na mteja wa kila siku akiomba hivyo husikilizwa. Soda ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Chupa moja ya soda na vikombe viwili vya chai vyenye vijiko viwiliviwili vya sukari hufikisha kiwango hicho kabla hajala kitu kingine. Akipata mahali pa kupikia, anunue unga wa dona badala ya sembe, kwa kuwa mahindi yanapokobolewa hupoteza pumba na kiini, na pamoja navyo nyuzinyuzi, vitamini na madini mengi.

Kuhusu shughuli za mwili, mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani inayoongeza mapigo ya moyo na kumfanya apumue kwa kasi huku akiweza kuzungumza. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano, na zinaweza kupatikana kwa kushuka kituo kimoja au viwili kabla ya nyumbani na kutembea kwa haraka. Inafaa kukiri hapa kwamba barabara nyingi za miji yetu hazina njia salama za waenda kwa miguu, na mwanamke anayerudi saa mbili usiku ana sababu ya kuogopa kupita gizani. Yeye achague muda na njia yenye watu, au atembee wakati wa mapumziko ya mchana, na wenye mamlaka ya miji walione suala la taa na njia za miguu kuwa suala la afya.

Kujifungua ni mabadiliko ya aina nyingine. Mila zetu zilimpa mzazi mapumziko, watu wa kumsaidia na chakula cha kumrudishia nguvu, kama mtori kwa familia za Kilimanjaro, na jambo hilo ni jema kwa sababu mama anayenyonyesha anahitaji nishati ya ziada, inayokadiriwa kufikia kilokalori 500 kwa siku katika miezi ya mwanzo. Tatizo huja baadaye. Likizo ya uzazi, ambayo kisheria ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, humalizika, wasaidizi huondoka, na mama huanza kula akiwa amesimama, mara nyingi makombo ya mtoto, au hukaa bila kula mpaka jioni. Tunawaomba akina baba na ndugu wayachukulie maandalizi ya chakula cha mama kuwa kazi yao pia, hasa wiki za kwanza za kurudi kazini. Mama aliyejifungua bila matatizo anaweza kuanza kutembea taratibu mapema na kuongeza mwendo kadiri anavyopata nguvu, ila aliyefanyiwa upasuaji apate kwanza ushauri wa mtoa huduma wake. Chai isinywewe pamoja na mlo, bali ipite saa moja hivi, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ambayo mama huyu anayahitaji sana.

Kipato kinapopungua, familia nyingi huanza kwa kuacha mboga, maharage na matunda, zikabaki na ugali na chai. Maharage huachwa pia kwa sababu ya gharama ya mkaa. Yakilowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi, na yakichemshwa mengi kwa pamoja yanaweza kuungwa kidogokidogo kwa siku mbili au tatu endapo kuna mahali pa ubaridi pa kuyahifadhi. Dagaa, mchicha na matembele bado ni miongoni mwa vyakula vyenye virutubishi vingi kwa bei ndogo, na matembele hukubali kuota hata kwenye kiroba kilichowekwa uani.

Kustaafu kunahitaji maandalizi zaidi ya yale ya mafao. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Siku hiyo haondokewi na mshahara peke yake. Huondokewa pia na safari ya asubuhi, ngazi za ofisini, saa maalumu ya kula na wenzake wa kula nao. Wapo wanaobaki kwenye kiti sebuleni wakila kidogokidogo kutwa nzima. Wapo pia wanaokwenda shamba walilonunua na kushika jembe kwa nguvu zote wiki ya kwanza, baada ya miaka 30 ya kukaa mezani, wakaishia na maumivu ya mgongo yanayowafanya waache kabisa. Anayetarajia kustaafu aanze kutembea mwaka mmoja au zaidi kabla, apime shinikizo la damu na sukari, na kazi ya shamba aianze kwa saa moja asubuhi kisha aiongeze wiki kwa wiki.

Katika umri huo misuli hupungua mwaka hadi mwaka, na ikipungua mno mtu hushindwa kuinuka kitini, huanguka na kuvunjika. Kutembea pekee hakutoshi kuizuia hali hiyo. Angalau siku mbili kwa wiki afanye shughuli za kuimarisha misuli, kama vile kuinuka na kukaa kitini mara kadhaa bila kujishika au kubeba ndoo yenye uzito anaoumudu, na aliyefikisha miaka 65 aongeze mazoezi ya uwiano wa mwili, yaani ya kusimama imara bila kuyumba, siku tatu kwa wiki. Katika kila mlo kuwe na chakula chenye protini: yai, maziwa, samaki, dagaa, kunde au choroko. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa jumla, ikihesabiwa pia ile iliyomo kwenye mkate na viungo vya madukani. Maji yanywewe hata pasipo kiu, kwa maana kiu hupungua kadiri umri unavyosogea, isipokuwa kwa yule ambaye daktari amempangia kiasi kwa sababu ya moyo au figo.

Mzee aliyefiwa na mwenzi wake yuko katika hatari ambayo familia huiona kwa kuchelewa. Baba ambaye hakuwahi kupika huishi kwa chai na mkate, na mama aliyepikia watu wanane kwa miaka mingi haoni sababu ya kuwasha jiko kwa ajili yake peke yake. Watoto hutuma fedha kwa uaminifu, lakini mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye kwenye sahani moja. Familia ipange nani atakula naye na siku zipi, au ikubaliane na jirani, na wazazi wanaolea wavulana leo wawafundishe kupika wangali wadogo.

Mwenye umri wowote anayepungua uzito bila kukusudia, anayekunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, au anayepata maumivu ya kifua anapotembea, aende kituo cha afya kabla ya kubadili mlo au kuanza mazoezi. Anayetumia dawa za shinikizo la damu au kisukari asiziache kwa sababu ameanza kujisikia vizuri; amweleze daktari mabadiliko aliyoyafanya, naye ataamua iwapo dozi ipunguzwe.