Ukungu Unaoipa Ngano Utamu

Bata wa kuchoma wa Beijing huletwa mezani na kibakuli cha rojo nzito nyeusi. Unaipaka kwenye chapati nyembamba, unaweka nyama na vitunguu majani, unakunja. Wengi hudhani ni mchuzi wa soya uliochemshwa na sukari. Sivyo. Ni tianmianjiang, na sehemu yake kubwa ni unga wa ngano, maji na chumvi.

Kijadi unga hukandwa, madonge yakapikwa kwa mvuke, kisha yakaachwa yaote ukungu uitwao Aspergillus oryzae. Vimeng'enya vya ukungu huo huvunja wanga kuwa sukari na protini kuwa asidi amino, hasa glutamati, inayoleta ladha nzito kama ya supu ya mifupa. Baadaye hutiwa maji ya chumvi na kuwekwa penye joto, viwandani nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Hapo ukungu wenyewe hauoti tena, lakini vimeng'enya vinaendelea na kazi, huku chumvi ikizuia bakteria waozeshao. Rojo iliyoiva hivyo ni tamu hata bila sukari, ingawa viwanda vingi huongeza.

Bandari ya Incheon, Korea, ilipofunguliwa mwaka 1883, wahamiaji wa Kichina, wengi kutoka jimbo la Shandong, walifika na mapishi yao. Huko ikazaliwa chunjang, rojo ya jamii hiyo hiyo, nyeusi zaidi kwa sababu hutiwa karameli (sukari iliyounguzwa), na chungu kidogo mpaka ikaangwe kwenye mafuta. Ndiyo rojo ya jajangmyeon, tambi ambazo Wakorea hupenda kuagiza siku ya kuhamia nyumba mpya. Aghalabu hupikwa na nguruwe, na chunjang ya dukani mara nyingi hutiwa alkoholi kidogo ya kuhifadhi. Asiyetumia vitu hivyo aulize na asome lebo. Mwenye mzio wa ngano, au wa soya ambayo pia huweza kuwamo, asiiguse.

Tafadhali usijaribu kutengeneza rojo hizi jikoni kwa ukungu wa kubahatisha. Ndugu wa karibu wa Aspergillus oryzae ni Aspergillus flavus, unaotengeneza sumukuvu kwenye mahindi na karanga, sumu iliyoua watu zaidi ya 100 nchini Kenya mwaka 2004. Kwa macho huwezi kutofautisha ukungu hizo mbili, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Watengenezaji hutumia mbegu ya ukungu iliyochaguliwa na kupimwa.

Chumvi ya rojo hii ni nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, basi ukitia rojo hii, usiongeze chumvi nyingine sufuriani. Ukishafungua chombo, kiweke kwenye friji na uchote kwa kijiko kikavu.