Je, wajua kwa nini katika soka mikono iliyoziba kinena kwenye ukuta wa mabeki si kosa, ilhali kiwiko kilichonyanyuka ni penalti?

Faulo inapotokea nje kidogo ya eneo la penalti, watazamaji wa banda umiza huona jambo lilelile kila wiki: mabeki wanne au watano wanarudi ndani ya eneo lao na kusimama bega kwa bega kama ukuta, kila mmoja ameikutanisha mikono yake mbele ya kinena, huku kipa aliyeshika nguzo ya goli akiwapigia kelele wasogee nusu hatua. Mpira unapigwa, unamgonga mmoja wao kwenye viganja, nusu ya banda inasimama ikidai penalti, na refa anaashiria mchezo uendelee. Baadaye mpira mwingine unagonga kiwiko cha beki aliyeruka ukutani, na refa yuleyule anaonyesha doa la penalti. Wengi huuita huo upendeleo, lakini maamuzi yote mawili yanatokana na kifungu kimoja cha sheria.

Sisi tunasema mchezaji "ameunawa" mpira, na neno hilo limebeba nusu nzima ya sheria, kwa sababu anayenawa ndiye anayeipeleka mikono yake kwenye maji. Sheria ya 12 ya soka huanzia hapohapo: ni kosa kuugusa mpira kwa mkono kwa makusudi, kwa mfano kwa kuusogeza mkono kuelekea mpira ulipo. Nusu ya pili ndiyo inayowachanganya watu. Mwaka 2019 IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka duniani, kiliandika waziwazi kwamba ni kosa pia mkono ukiufanya mwili kuwa mkubwa isivyo kawaida, hata kama mchezaji hakukusudia kuugusa mpira. Maelezo yaliyofuata mwaka 2021 yalimtaka refa ajiulize kama mahali mkono ulipokuwa panatokana na mwendo wa mwili katika tukio lile, au panaweza kuelezeka kwa mwendo huo. Kama sivyo, sheria husema mchezaji amejitwika mwenyewe hatari ya mpira kumgonga mkononi. Mkono wenyewe huhesabiwa kuanzia usawa wa chini ya kwapa, hivyo mpira uliogonga bega si wa kunawa kamwe.

Sasa turudi ukutani tukiwa na swali hilo. Viganja vilivyobanwa kwenye kinena havijaongeza chochote kwenye umbo la mchezaji, kwa kuwa mpira uliovigonga ungegonga mwili uleule hata kama visingekuwapo. Ndivyo ilivyo pia kwa mikono iliyokunjwa na kubanwa kifuani. Kiwiko kilichotokeza pembeni au mkono ulionyanyuliwa juu ya kichwa ni habari nyingine, kwa sababu umeziba nafasi ambayo mpigaji alikuwa na haki ya kuitumia. Ugumu wa kweli upo kwa beki anayeruka, maana hakuna binadamu anayeruka juu akiwa amegandisha mikono kama mlingoti, na refa hulazimika kupima kama mikono ilipanda kwa kadiri ya mruko au zaidi ya hapo.

Kwa maoni yangu, refa ana sababu ya kuwa mkali zaidi kwa beki wa ukutani kuliko kwa mchezaji mwingine yeyote. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2018 jijini Moscow, Ivan Perišić wa Kroatia aligongwa mkononi na mpira wa kona uliompita Blaise Matuidi aliyekuwa ameruka mbele yake. Refa Néstor Pitana aliitazama picha ya marudio kwenye VAR, yaani mfumo wa video unaomsaidia refa, akatoa penalti, na Antoine Griezmann akaifunga. Watu wanabishana hadi leo, na wana haki, kwa sababu Perišić hakuwa na muda wa kufikiri. Beki wa ukutani hawezi kujitetea hivyo. Ni kweli kwamba mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa humfikia kwa theluthi moja tu ya sekunde, lakini amesimama pale kwa hiari yake, anajua mpira unakuja, na amekuwa na muda wa kutosha kuipanga mikono yake kabla ya kipenga.

Wengi pia hudhani ukuta ni haki ya timu inayolinda. Sheria ya 13 haiwapi mabeki haki hiyo. Inawapa wajibu wa kukaa umbali wa mita 9.15 kutoka kwenye mpira hadi upigwe na kuonekana wazi umesogea. Mpigaji akiamua kupiga upesi kabla ukuta haujapangwa, anaruhusiwa, na beki wa karibu akiunasa mpira huo mchezo unaendelea. Beki anayemzuia makusudi asipige hupewa kadi ya njano. Ukuta ukipangwa, refa huhesabu hatua na kuchora mstari kwa lile povu linalotoweka, ambalo lilitumika katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2014 nchini Brazil.

Hapo ndipo jina la Mwepu Ilunga linapostahili kutajwa kwa heshima. Tarehe 22 Juni 1974 mjini Gelsenkirchen, Zaire ilikuwa ikicheza na Brazil, mechi iliyoisha kwa Brazil kushinda 3-0. Wabrazili walijiandaa kupiga faulo, na Mwepu, beki kutoka klabu ya Lubumbashi ambayo leo tunaiita TP Mazembe, akachomoka ukutani na kuubutua mpira mbali kabla haujaguswa. Refa alimpa kadi ya njano, na kwa miaka mingi picha hiyo imerushwa kwenye runinga kama ushahidi kwamba Waafrika hawakujua sheria. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri na kwamba alifanya makusudi, na hakuna sababu ya kutomwamini mtu aliyefika Kombe la Dunia akiwa bingwa wa Afrika.

Tangu mwaka 2019 washambuliaji nao wamewekewa mpaka. Ukuta ukiwa na mabeki watatu au zaidi, lazima wakae angalau mita moja kutoka ukutani hadi mpira uchezwe, kwa kuwa walikuwa wakijipenyeza katikati ya mabeki na kuanza kusukumana nao huku muda ukipotea. Akivuka mshambuliaji, timu yake hupoteza faulo, na wapinzani hupewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, yaani ule ambao mpigaji hawezi kufunga bao bila mpira kumgusa mchezaji mwingine kwanza.