Hajakua, Umemsahau: Dhana Potofu Kuhusu Wahusika wa Kazi za Mfululizo

Ninahariri skripti za tamthilia na hadithi za mfululizo hapa Dar es Salaam. Wanaoniletea kazi ni waandishi wa televisheni, wa YouTube, na wale wanaotuma hadithi sehemu kwa sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp. Nikiwaonyesha kwamba mtu aliyekuwa mkali sehemu ya tatu amegeuka mpole sehemu ya kumi na moja bila sababu yoyote, jibu huwa lilelile: "Dada, hapo mhusika amekua." Nimelisikia vya kutosha. Leo naliandikia, na humo nitagusia mengine yanayoandamana nalo.

Dhana: Mhusika akibadilika tabia, maana yake amekua

Kuna skripti ilipita mikononi mwangu yenye mama mwenye nyumba wa Mwananyamala. Sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Mama ana daftari la mistari, amelifunga kwa rababendi, na humo anaandika nani kalipa, nani kalipa nusu, nani kapiga pasi usiku na kumaliza umeme wa wote. Mpangaji mgonjwa anamwomba wiki moja. Mama anahesabu siku kwa vidole, anafika cha nne, anasema: "Ijumaa." Basi. Kila aliyewahi kupanga chumba mjini hapa anamjua mama huyo kabla hajamaliza kufunga daftari lake.

Sehemu ya kumi na nne, kijana mwingine anafukuzwa kazi. Hana udugu na mama, hajamfanyia hisani yoyote. Mama anamwambia akae miezi sita bure: "Mwanangu, pesa si kitu." Daftari halionekani tena. Nilipekua sehemu zote kumi na mbili za katikati nikitafuta msiba, ugonjwa, ugomvi na mtoto wake, hata ndoto mbaya. Hakuna kitu. Nikamuuliza mwandishi huyu mama amepatwa na nini. Akasema amekua.

Hajakua. Mwandishi alihitaji kijana abaki pale ili mapenzi yake na binti wa chumba cha uani yaendelee, akamvua mama tabia yake ili hadithi ipate njia. Mama alikuwa mtu, akageuzwa chombo, na mwigizaji aliyempa sauti na mwendo sehemu zote hizo akabaki anatamka maneno yasiyo ya mwanamke aliyemjenga.

Mhusika anakua pale jambo linapomkuta, likamgharimu, na mtazamaji akaliona au akaja kulijua baadaye. Zaidi ya hapo, na hili ndilo waandishi wangu wanalolisahau, mtu aliyekua hubaki na masalia ya alivyokuwa. Bahili akiguswa moyo hawi mkarimu wa mitaa yote. Anatoa, lakini mkono unasita.

Ile skripti tuliitengeneza hivi. Sehemu ya tisa tuliongeza sini moja fupi: yule mpangaji mgonjwa aliyepewa hadi Ijumaa anachukuliwa na ndugu zake, wanampakia kwenye bajaji na godoro lake limekunjwa juu ya mapaja. Mama yuko kibarazani na daftari. Hasemi kitu. Wiki tatu za hadithi zikipita, anasikia amefariki. Kisha sehemu ya kumi na nne, kijana anapofukuzwa kazi, mama hasemi pesa si kitu. Maneno hayo asingeyasema hata kwa dawa. Anafungua daftari, anaandika jina la kijana, anaandika mwezi, na pale pa kiasi anapaacha patupu. Mwezi wa pili vilevile. Daftari lipo, ubahili upo, na mabadiliko yapo. Sini yote haikufika dakika moja, na prodyuza hakuongeza hata shilingi.

Sasa, tabia hubadilika kwa njia nyingine ambazo hazina uhusiano na kukua, na mwandishi asipozitofautisha hawezi kujua atibu nini.

Njia ya kwanza ni mwandishi mwenyewe kupanua au kusahau alichoandika. Arthur Conan Doyle alipomleta mpelelezi Sherlock Holmes mwaka 1887, alimfanya Dk. Watson aorodheshe anachokijua na asichokijua mwenzake. Fasihi, sifuri. Falsafa, sifuri. Elimu ya nyota, sifuri. Holmes hakujua hata kwamba dunia hulizunguka jua. Alipotajiwa mwandishi Thomas Carlyle, aliuliza ni nani huyo na amefanya nini. Mwaka 1890, katika kitabu cha pili, Holmes huyohuyo anamnukuu mshairi wa Kijerumani Goethe, Watson akisema amemfikia mwandishi mmoja wa Kijerumani kwa kupitia maandishi ya Carlyle anamjibu kama mtu anayewajua wote wawili, na mezani anazungumza kwa ufasaha juu ya fidla za Stradivarius na Ubudha wa Ceylon. Hata jeraha la vita la Watson limehama: kitabu cha kwanza liko begani, cha pili liko mguuni. Wapo mashabiki wanaoeleza kwamba Holmes alikuwa anamtania tu Watson alipojifanya hajui. Utetezi mzuri, ila hakuna popote kitabuni panaposema hivyo. Ukweli unaoonekana kwenye kurasa ni kwamba mpelelezi mkavu asiyejua chochote nje ya kazi yake alikuwa mwembamba mno kubeba hadithi baada ya hadithi, na Doyle akamnenepesha. Alifanya vizuri. Lakini hakuna tukio lililomfanya Holmes asome Goethe, kwa hiyo tusiseme amekua.

Njia ya pili ndiyo inayoua tamthilia zetu: tabia moja kuvimba hadi ikaimeza nafsi nzima. Mfano unaojulikana zaidi ni Ned Flanders wa katuni ya The Simpsons, iliyoanza kama mfululizo kamili mwaka 1989. Mwanzoni Flanders ni jirani mwema mwenye nyumba iliyonyooka na watoto wenye adabu, na Homer, baba wa nyumba ya pili, anamwonea kijicho. Dini yake ipo, ila ni sehemu moja ya mtu mzima. Misimu ilivyosonga, dini ikawa karibu kila kitu anachofungulia kinywa. Homer naye alianza kama baba mwenye hasira na madeni, akaishia mpumbavu wa kupindukia.

Wala hakuna mwandishi anayekaa akaamua kufanya hivyo. Sini moja inachekesha kwa sababu ya tabia fulani, watu wanaipenda. Wiki ijayo mwandishi anairudia, kwa kuwa muda ni mfupi na kicheko kimeshahakikishwa. Anakuja mwandishi mpya. Hajaangalia mwanzo, ameangalia vipande vilivyosambaa, na vipande vilivyosambaa ni vya tabia ileile. Yeye anamwandika mhusika kwa kunakili kipande. Baada ya msimu mmoja mlevi hana siku moja ya kuamka bila pombe, mganga hana hata rafiki, mama mkwe hajawahi kucheka. Nawaona kila wiki. Na ukimuuliza mwandishi mbona mlevi huyu msimu wa kwanza alikuwa fundi seremala mwenye mikono ya kusifika, na leo hajashika randa, atakuambia watu wanampenda hivyo.

Dawa yangu ni moja na siiachi: kabla ya kuandika sehemu mpya, chukua sehemu ya kwanza, usome kwa sauti mistari ya mhusika huyo mmoja tu, mwanzo hadi mwisho. Kwa sauti, si kwa macho. Halafu uwe na ukurasa mmoja kwa kila mhusika mkubwa wenye mambo ambayo mtu huyu asingeyafanya kamwe. Wengi wanajaza kurasa za anachopenda, rangi, chakula, timu, Simba au Yanga. Hayo hayakusaidii siku hadithi inapokubana. Ukurasa wa asiyoyafanya ndio unaokuzuia kumwambia bahili aseme pesa si kitu.

Dhana: Mwandishi wa kweli anamjua mhusika wake mzima kabla ya kuanza

Hii inawafanya vijana wakae mwaka mzima wakichora wasifu wa wahusika bila kuandika sini hata moja. Acheni. J.R.R. Tolkien alipochapisha The Hobbit mwaka 1937, Gollum, kiumbe wa pangoni, alikuwa tayari kuitoa pete yake ya ajabu kama zawadi kwa Bilbo, steringi wa kitabu, aliyemshinda mafumbo, na alipokosa kuipata akamwonyesha njia ya kutokea. Kiumbe wa ajabu, lakini mwenye kutimiza ahadi. Tolkien alipokuwa anaandika kazi kubwa iliyofuata, pete ikawa kitu ambacho hakuna anayeweza kukiachia kwa hiari, na Gollum yule hakufaa tena. Mwaka 1951 likatoka toleo jipya ambamo sura hiyo imeandikwa upya, Gollum amejaa chuki na anapiga kelele za mwizi. Na toleo la kwanza Tolkien hakulitupa: alieleza ndani ya hadithi kwamba ule ulikuwa uongo wa Bilbo, kuonyesha pete ilivyokwisha kuanza kumharibu. Mwandishi wa YouTube hawezi kuandika upya sehemu iliyokwisha kutazamwa, lakini hilo la mwisho analiweza. Kosa la sehemu ya pili linaweza kugeuzwa uongo wa mhusika sehemu ya ishirini, mradi awe na sababu ya kudanganya.

Dhana: Mwigizaji anatekeleza tu, tabia inatoka kwa mwandishi

Mwandishi anayeamini hivi haji lokesheni, na anapoteza nusu ya anachoweza kupata. Jesse Pinkman wa Breaking Bad alipangiwa kufa msimu wa kwanza. Muundaji wa tamthilia hiyo, Vince Gilligan, alipoona anachofanya mwigizaji wake, Aaron Paul, akaghairi, na hadithi nzima ikapata uti wa mgongo mwingine.

Spock wa Star Trek, katika sehemu ya majaribio iliyopigwa mwishoni mwa 1964, anatabasamu waziwazi akishika jani la mmea. Ubaridi anaojulikana nao leo ulikuwa wa mhusika mwingine, mwanamke msaidizi wa nahodha. Kituo cha televisheni kilipoikataa sehemu ile, mwanamke akaondolewa na ubaridi wake akapewa Spock. Kwa hiyo ukiona mhusika wa sehemu za mwanzo hafanani na alivyokuja kuwa, kwanza jiulize nani alikuwepo mwanzoni na sasa hayupo. Mara nyingi mtu mmoja amerithi kazi ya mwingine.

Dhana: Yule wa mwanzo ndiye halisi, hawa wengine wamemharibu

Hii ni ya mashabiki. Superman wa mwaka 1938 hakuruka angani, alikuwa anachupa tu. Alimbamiza ukutani mwanamume aliyekuwa anampiga mkewe, na alitisha watu ili wakiri. Mtu akitaka huyo ndiye awe halisi, basi wote wanaompenda Superman mpole anayeruka wanampenda mtu feki, jambo ambalo hakuna shabiki atakayelikubali. Toleo la mwanzo lina haki ya kuitwa la kwanza, basi. Swali la kumuuliza mwandishi ni kama mabadiliko yamempa mhusika uwezo wa kubeba hadithi zaidi, au yamempunguzia.

Dhana: Steringi lazima abadilike, la sivyo hadithi haina maana

Si lazima. Bwana Msa, mpelelezi wa vitabu vya Mohammed Said Abdulla, alianza kusomwa kitabuni mwaka 1960 na aliendelea hadi miaka ya 1980, na kiko chake, na mwenzake Najum pembeni yake. Wasomaji walimfuata kwa akili yake ileile, na kilichokuwa kinabadilika ni uelewa wetu juu ya watu waliomzunguka. Mpelelezi, mganga, mzee wa baraza anayesuluhisha: hawa wanaweza kusimama palepale miaka yote. Wanaowazunguka ndio wanaobeba maumivu. Kozi za siku mbili zinazofundisha kwamba kila mhusika awe na safari ya mabadiliko zimenirundikia wapelelezi wanaolia.

Dhana: Watazamaji hawakumbuki

Zamani kidogo pengine, tamthilia ikipita imepita. Leo mtu anaanza sehemu ya kwanza saa mbili usiku kwenye simu, alfajiri yuko ya kumi na nne, na lile daftari la mama ameliona saa chache zilizopita. Kwenye magrupu ya hadithi ndiyo kabisa. Wasomaji wametunza sehemu zote. Mwandishi akiandika sehemu ya thelathini kwamba mjomba hanywi pombe, kabla ya chakula cha mchana ameshatumiwa skrinshoti ya sehemu ya tano, mjomba ana chupa mkononi.