Tangi lililokomaa ni tangi la namna gani?

Mtu ananunua tangi la kioo, anatandaza mchanga, anapanda mimea, anajaza maji na kuwasha taa. Baada ya siku tatu maji yametulia, yanaonekana mpaka nyuma. Anatia kamba kumi, wale wadogo wa kufuga. Siku ya tano anaokota wawili wamegeuka rangi ya waridi kama waliochemshwa. Wiki ya pili amebaki mmoja, kajificha nyuma ya jiwe. Akiwauliza waliomtangulia katika ufugaji huu, wote humjibu vilevile: tangi lako lilikuwa halijakomaa.

Jibu ni sahihi, ila kwa mgeni ni kama fumbo. Mahindi hukomaa, nazi hukomaa. Maji yatakomaaje?

Kabla ya kulifumbua, tuelewane tunazungumzia kamba gani. Ni kamba wa maji baridi, kwa maana ya maji yasiyo na chumvi. Baridi ya kipimajoto ni habari nyingine. Wanaofugwa kwa wingi ni Neocaridina davidi, wenye asili ya Asia ya Mashariki, wanyama wa sentimita mbili hadi tatu ambao wafugaji wamewachagua kizazi baada ya kizazi mpaka wakapatikana wekundu, wa njano, wa buluu na wa chungwa. Binamu zao wa Caridina, wale wa mabaka mekundu na meupe, wanapendeza zaidi na wanakufa upesi zaidi. Yupo pia kamba wa Amano, Caridina multidentata, aliyepewa jina la Takashi Amano (1954–2015), mpiga picha wa Japani aliyewapa umaarufu kwa kuwatumia kula mwani katika matangi yake ya mimea. Huyo ni mkubwa na mvumilivu, lakini watoto wake hawakui bila maji yenye chumvi, kwa hiyo usikae ukisubiri aongezeke ndani ya tangi lako.

Sasa neno lenyewe. Watu wanaposema tangi limekomaa, wanachanganya mambo mawili ambayo hayatimii siku moja.

La kwanza ni la kemia. Kamba anatoa amonia kupitia mashavu yake, chakula kilichobaki kinaoza na kutoa amonia, jani lililokufa vilevile. Mtoni maji yanapita na kuichukua. Kwenye tangi inabaki palepale, na amonia kidogo tu inatosha kumuua kamba, hasa maji yakiwa na pH ya juu, yaani yasiyo na uchachu, kwa sababu pH ikishuka chini ya 7 sehemu kubwa yake hugeuka amoniamu, ambayo haina ukali huo. Kinachookoa ni bakteria. Kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine, Nitrospira wakiwa mbele, linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kamba anaivumilia ikiwa kidogo na mimea inaila. Mwanasayansi wa vijidudu, Sergei Winogradsky, alikwisha kuwatambua bakteria wa kazi hii mwishoni mwa karne ya 19, na ilidhaniwa kuwa lazima kila hatua iwe na kundi lake. Mwaka 2015 ndipo ikatangazwa kuwa wapo Nitrospira wanaozimaliza hatua zote mbili wenyewe.

Bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi. Wanashika mahali: kwenye punje za mchanga, kwenye mawe, chini ya majani, ndani ya matundu ya sponji ya chujio. Ndiyo maana kukamulia sponji chafu ya tangi la zamani ndani ya tangi jipya kunasaidia kuliko kuhamisha ndoo nzima ya maji yake. Na kwa kuwa wanaongezeka polepole, kuanzia mwanzo huchukua wiki nne hadi sita hivi, mradi wapate cha kula. Tangi lenye maji matupu na taa inayowaka halikomai hata likikaa mwezi, maana hakuna amonia ya kuwalisha. Inatosha kudondosha chembe chache za chakula cha samaki kila siku na kuacha zioze. Waliotandika udongo maalumu wa mimea hawana haja hata ya hilo, kwa sababu udongo huo wenyewe hutoa amonia wiki za mwanzo, na nyingi.

Ukipima maji utaona amonia inapanda kisha inashuka, nitriti inapanda kisha inashuka, halafu nitrati inatokea. Amonia na nitriti zikisomeka 0 siku kadhaa mfululizo, huku bado unatia chakula, sehemu ya kwanza imetimia. Nitrati ikae chini ya miligramu 20 kwa lita. Tangi lenye mimea mingi inayokua haraka linaweza lisioneshe mlima huu hata kidogo, kwa sababu mimea inakunywa amonia kabla bakteria hawajaifikia. Hapo wengi hudanganyika wakadhani kipimo chao kibovu.

Wengi pia huishia hapo. Vipimo vimesoma 0, kamba wanaingia, wakubwa wanaishi, na bado watoto hawaonekani. Hapa ndipo sehemu ya pili, ile isiyo na kipimo cha dukani.

Shika jiwe la mtoni, utahisi utelezi. Ule utelezi ni utando wa viumbe vidogo mno: bakteria, mwani, kuvu na vijidudu vinavyowala hao, vyote vimeshikana kwa ute wao. Kwa kamba ule utando ndio meza yake ya chakula. Mtazame anavyoshinda: miguu yake ya mbele ina vibano vidogo vyenye nywele kama brashi, anakwangua, anapeleka mdomoni, anakwangua tena, kutwa nzima bila kupumzika. Chakula unachomtupia mara mbili tatu kwa wiki ni nyongeza tu. Kamba mtoto huanguliwa akiwa na milimita mbili hivi, tayari na umbo la mama yake, lakini hana uwezo wa kukimbilia tonge lililoanguka upande wa pili wa tangi. Anakula kilichopo pale aliposimama. Tangi lenye kioo kilichosuguliwa, mawe meupe na mchanga usio na doa linamwua kwa njaa, na mwenye nyumba anasifiwa usafi.

Kwa hiyo baada ya vipimo kutulia mimi humshauri mtu aongeze mwezi mwingine, na akiweza, miwili. Katika muda huo tangi linapita hatua za kuudhi. Vumbi la kahawia linafunika majani, linaondoka lenyewe. Gogo jipya linaota ute mweupe kama kamasi, na kila mgeni hulitoa akalisugua. Aliache, kamba wataukomba wote. Nyuzi za kijani zinaota huku na kule. Kwenye kioo vinaanza kuonekana vijidudu vyeupe vinavyorukaruka, visivyo na madhara yoyote. Ukiinamisha pua juu ya tangi, harufu ni ya udongo baada ya mvua. Mosi ya Java (moss, mmea mdogo wa majini) husaidia sana kuharakisha mambo, kwa kuwa matawi yake membamba ni eneo kubwa la utando lililokunjwa pamoja, na ni maficho ya watoto. Majani makavu ya mkungu nayo yanafaa (nasema mti wa kungu, si mkungu wa ndizi): yanaoza taratibu, yanaota utando, na kamba huyala mpaka zikabaki mishipa tu, kama wavu.

Muda hulipatia tangi kitu kingine pia, nacho ni kutobadilika. Kamba hukua kwa kujivua gamba, na gamba jipya hulijenga kwa madini, sehemu kubwa kalsiamu, ambayo huipata kwenye maji na kwenye chakula. Kipimo cha madini hayo ni ugumu wa maji, GH. Neocaridina wanataka GH ya 6 hadi 8, pH kati ya 6.5 na 7.8, na joto la nyuzi 20 hadi 25. Caridina wa mabaka wanataka maji laini zaidi, GH 4 hadi 6, na pH iliyo chini ya 6.5, ndiyo sababu ni kosa kuwachanganya ukitarajia wote wastawi. Lakini namba yenyewe haina uzito kama kubaki palepale. Ukibadilisha nusu ya maji kwa mpigo, kamba anaweza kujivua kabla gamba la chini halijawa tayari. Utamwona na pete nyeupe imemzunguka shingoni, gamba limepasuka duara zima badala ya kufunguka mgongoni, na hapo kupona ni kwa nadra. Badilisha asilimia 10 hadi 15 kwa wiki, maji yaingie polepole. Kamba mgeni naye azoeshwe kwa matone, saa moja hadi mbili, maji ya tangi yakidondokea kwenye chombo chake kupitia mpira mwembamba.

Ukikuta gamba tupu limelala mchangani usifanye msiba. Si maiti. Liache, watalila wenyewe na kurudisha madini.

Yapo mambo ambayo ukomavu wa tangi hauyazuii. Shaba ni mojawapo, na hapa pana kichekesho kidogo: damu ya kamba hubeba oksijeni kwa kutumia shaba, lakini shaba iliyozidi majini humuua, na dawa nyingi za magonjwa ya samaki zina shaba. Dawa ya mbu iliyopulizwa chumbani inafika majini, hasa ikivutwa na pampu ya hewa. Mimea iliyopuliziwa dawa ya wadudu kitaluni imewamaliza kamba wa watu wengi. Iloweke kwenye ndoo wiki moja au mbili, ukibadilisha maji kila siku, kabla ya kuipanda. Anayetia hewa ya kaboni dioksidi kwa ajili ya mimea aizime usiku, wakati mimea haiitumii. Maji ya bomba yenye klorini yakilala wazi siku nzima yanatulia, ila yenye kloramini hayatulii kwa kulala. Hayo yanahitaji dawa ya kuyatuliza.

Na tangi lililokomaa linaweza kurudi utotoni. Ukisuuza sponji chini ya bomba, klorini inawaua bakteria uliowangoja wiki sita. Isuuze ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukifua sponji, ukasugua kioo na kukoroga mchanga siku moja, umebaki na mimea na matumaini. Umeme nao ukikatika saa nyingi, bakteria waliomo ndani ya chujio la kufungwa hukosa oksijeni na kuanza kufa, na maji yaliyotuama humo huharibika. Ukirudi, usiwashe tu. Fungua chujio, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Kisha pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki nzima, na katika wiki hiyo usiwape kamba chakula. Ule utando utawatosha.