Kukifundisha kivinjari kuhesabu pesa kwa Kiswahili

Wengi wanaoanza kuandika matumizi yao huacha kabla mwezi haujaisha, na siwalaumu. Ukishalipa bodaboda, ukanunua nyanya za mia tano na vocha ya buku (shilingi elfu moja), nani ana subira ya kufungua simu, kuchagua tarehe, kuchagua kundi, kuandika kiasi, kisha kuhifadhi? Ndiyo maana programu yangu ya bajeti, inayofunguka kwenye kivinjari, ina kitufe kimoja kikubwa. Bonyeza, sema "nimenunua mchele elfu sita", basi.

Kusikia ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Chrome ina huduma ya kutambua sauti, ambayo kwenye msimbo unaiita `webkitSpeechRecognition`. Unaipa lugha, `sw-TZ` (Kiswahili cha Tanzania) au `sw-KE` (cha Kenya), mtumiaji anaruhusu kipaza sauti, na maneno yanarudi yakiwa maandishi. Tovuti iwe kwenye HTTPS, yaani muunganisho salama, la sivyo kipaza sauti hakifunguki. Mwambie mtumiaji waziwazi kwamba kwa kawaida sauti yake inapelekwa kwenye seva ili itambuliwe. Usipopenda hilo, kuna Whisper, modeli iliyotolewa wazi na OpenAI mwaka 2022, inayojua Kiswahili kiasi na unayoweza kuiendesha kwenye seva yako. Na sehemu ya kuandika kwa mkono usiiondoe: kivinjari cha Firefox hakiwashi huduma hii, tena hakuna anayetaka kutangaza mshahara wake ndani ya daladala.

Kazi yenyewe iko kwenye namba.

Chukua "elfu ishirini na tano". Ni 25,000 au 20,005? Zote zinakubalika, ndiyo maana mtu makini husema "ishirini na tano elfu". Hapa natumia sarafu kuamua: Tanzania sarafu ndogo kabisa inayozunguka madukani ni ya shilingi 50, kwa hiyo malipo ya taslimu hayaishii na 5, na programu inachukua 25,000. Kwa mtumiaji wa Kenya, ambako sarafu ya shilingi 1 bado ipo, kanuni hiyo haishiki, lazima aulizwe.

Kigumu zaidi ni "elfu na mia tano", yaani 1,500. Mtu akisema haraka, ile "na" inamezwa, na kinachofika ni "elfu mia tano", ambayo ni 500,000. Chipsi mayai za laki tano! Programu ingeweza kulinganisha na bei za kawaida za mtumiaji kisha ikaamua yenyewe, lakini sikubali mashine ikisie pesa ya mtu. Inatoa vitufe viwili, 1,500 na 500,000, kwa herufi kubwa, na haihifadhi kitu mpaka kimoja kibonyezwe.

Halafu kuna "nusu", ambayo ni nusu ya kipimo kilichotajwa mwisho: "elfu mbili na nusu" ni 2,500, "laki mbili na nusu" ni 250,000. Kuna jero (500) na buku za Dar, soo (100) na ngiri (1,000) za Nairobi. Kila nchi ina kamusi yake ndogo ndani ya msimbo. Wakati mwingine injini ya kutambua sauti inarudisha tarakimu, wakati mwingine maneno, au mchanganyiko kama "elfu 2 mia 5", kwa hiyo hatua ya kwanza ni kugeuza vyote viwe maneno, ndipo uhesabu. Kiasi kihifadhi kama namba kamili, bila desimali. Mimi naweka kwenye IndexedDB, hifadhi ya data iliyo ndani ya kivinjari, kumbukumbu zibaki kwenye simu ya mwenyewe.

Mwelekeo wa pesa unatoka kwenye kitenzi. "Nimelipa" ni matumizi, "nimelipwa" ni mapato. "Nimekopa" ni deni langu, "nimekopesha" ni deni la mwingine kwangu. Kwenye "nimelipwa", herufi moja, w, inageuza hesabu yote, na kwenye kelele za barabarani ndiyo inayopotea kwanza. Dawa yake: weka `maxAlternatives` iwe 3, ili injini ikiweza ikupe tafsiri zaidi ya moja za sauti ileile. Zikigawanyika kati ya "nimelipa" na "nimelipwa", programu inauliza, "Pesa imeingia au imetoka?" Jibu ni kitufe, si sauti, kwa sababu kelele iliyoharibu sentensi ya kwanza bado ipo palepale.