Je, wajua kwa nini kompyuta iliyopigwa na umeme inaweza kugoma hata ikiwekewa pawasaplai mpya?

Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, na kompyuta inalia "pah!" huku harufu ya kitu kilichoungua ikitanda. Pawasaplai, yaani kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, inabadilishwa. Kitufe kinabonyezwa, feni inajitikisa nusu mzunguko, kisha kimya. Mwenye kompyuta anarudi dukani akilalamika kwamba ameuziwa mzigo mbovu, kumbe pawasaplai ile ni nzima kabisa: imekuta shoti mbele yake, ikajizima ili isiungue. Zile za bei poa zisizo na kinga hiyo haziwahi kujizima, na huungua siku ileile zilipofungwa.

Ili kujua kilichokufa, fuata njia ya umeme kuanzia ukutani. Ndani ya pawasaplai umeme hupita kwanza kwenye fyuzi na varista, kidonge bapa chenye miguu miwili. Volti zikipanda kupita kiasi, varista huruhusu mkondo mkubwa upite kwake na fyuzi hukatika. Fyuzi ya kioo iliyojaa weusi ndani inaonyesha shoti kali, ilhali uzi uliokatika tu kioo kikabaki safi unaonyesha mzigo uliozidi kidogo. Baada ya hapo umeme hugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja, hujaza kapasita kubwa (kifaa cha kuhifadhi umeme), hukatwakatwa na transista (swichi ya kielektroniki), kisha huvuka transfoma na kushushwa hadi volti 12, 5 na 3.3.

Transfoma hiyo ndiyo mpaka. Mlipuko wa upande wa ukutani unatisha, lakini mara nyingi huishia hukohuko na vifaa vingine hupona. Hatari zaidi ni pawasaplai inayokufa polepole, ambayo kapasita zake zimevimba na haiwezi tena kudhibiti volti zake. Hiyo ndiyo inayoweza kupeleka volti 14 au 15 mahali panapotakiwa 12. Waya wa zambarau unaotoka kwenye pawasaplai nao una umeme wa volti 5 muda wote plagi ikiwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ndiyo maana ubao mama, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, unaweza kuungua usiku watu wamelala.

Kwa nini umeme unaporudi ndipo unapoua zaidi? Volti huyumba wakati huo kwa sababu mota na majokofu ya mtaa mzima yanaanza kuvuta kwa pamoja. Isitoshe, kapasita kubwa zimekwisha kuwa tupu na zinataka kujazwa papo hapo. Kuna kizuizi cha joto kinachopunguza mkondo huo wa kwanza, ila hufanya kazi kikiwa cha baridi. Umeme ukikatika na kurudi ndani ya sekunde chache, kizuizi bado ni cha moto na mkondo unapita bila breki. Basi ukikatika, chomoa plagi, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuichomeka.

Kabla ya kununua chochote, chomoa plagi na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 kumaliza umeme uliobaki kwenye ubao. Pawasaplai yenyewe usiifungue kama si fundi wa kazi hiyo, kwani kapasita zake hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Ipime kwa nje. Itoe kwenye ubao mama, unganisha feni moja kuukuu iwe mzigo, kisha kwenye kiunganishi cha pini 24 gusanisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya. Nyaya zikiwa nyeusi zote, tumia pini ya 16 na ya 17. Chomeka ukutani na upime nyaya kwa multimita, yaani kipimo cha umeme: njano iwe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu na zambarau kati ya 4.75 na 5.25, ya rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Kikitoka nje ya hapo kipimo chochote, pawasaplai hiyo haifai.

Kisha pima ubao mama kabla haujakutana na pawasaplai mpya. Weka multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusa pini ya volti 12 na ya ardhi kwenye tundu la pini 8 lililo karibu na prosesa. Namba ikipanda taratibu, ni kapasita zinajaa, na ni dalili njema. Ikiganda karibu na 0, transista ya kulisha prosesa imepiga shoti. Hapo habari ni mbaya mara mbili, maana prosesa hutumia volti 1 hivi na huenda imekula 12 nzima. Usithubutu kuweka prosesa mpya kwenye ubao huo.

Ubao ukiwa salama, washa na prosesa, feni yake na ram moja tu, kisha ongeza kifaa kimoja kimoja. Ikiwa radi iliingia kwa waya wa mtandao na tundu lake tu ndilo limekufa, zima chipu ya mtandao kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) na uweke kadi ya mtandao ya PCI Express, ile inayochomekwa kwenye ubao. Hakuna haja ya kutupa ubao mzima.

Diski za kuzunguka zina siri yake. Kwenye bodi yake, karibu na tundu la umeme, kwa kawaida kuna diodi mbili za kinga, moja ya volti 5 na nyingine ya 12. Volti zikizidi, diodi hujitoa mhanga kwa kupiga shoti, na diski inaonekana imekufa na kuzuia kompyuta nzima kuwaka. Fundi akiinyofoa iliyoungua, diski mara nyingi huamka. Itumike kwa muda wa kunakili data tu, kwani sasa haina kinga. Kuhamisha bodi kutoka diski nyingine ya aina ileile peke yake hakutoshi kwa diski nyingi za kisasa. Ni lazima chipu ndogo ya miguu 8 ihamishwe pia, kwa kuwa imebeba vipimo vya diski hiyohiyo.

Kosa linaloua vifaa vilivyonusurika ni kubakiza nyaya za pawasaplai ya zamani, zile za kuchomeka na kuchomoa. Upande unaoingia kwenye pawasaplai hauna mpangilio mmoja kwa watengenezaji wote. Plagi itaingia vizuri kabisa, lakini volti 12 zitafika zinakosubiriwa 5, na diski itakufa papo hapo.

Na ubao mama mpya ukifungwa, diski iliyofungwa kwa BitLocker (kufuli la data la Windows) itadai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti ya Microsoft au karatasi ulipouhifadhi kabla hujashika bisibisi.