Kizimkazi: jina la kijiji na asili yake inayobishaniwa

Kizimkazi ni kijiji cha wavuvi kilichoko kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, nacho kina sehemu mbili, Dimbani na Mkunguni. Mkunguni hueleweka bila tabu, kwa kuwa ni mahali penye mti wa mkungu, na kiambishi -ni kimetiwa mwishoni kama katika majina mengi ya pwani. Kizimkazi si jina la kufumbuliwa kwa wepesi huo.

Simulizi inayojulikana zaidi husema kwamba palikuwa na mtawala aliyeitwa Kizi, na fundi wake, Kazi, ndiye aliyemjengea msikiti. Majina yao yakaunganishwa. Maelezo ya aina hii, ambayo hulikata jina vipande vinavyofanana na maneno yanayojulikana kisha yakalitungia kisa, yana thamani kubwa kwa sababu huhifadhi kile ambacho wenyeji wanajivunia, lakini hayatoshi kuwa ushahidi wa lugha. Ikiwa fundi aliitwa Kazi, ile m ya katikati imetoka wapi?

Kipande cha mwisho ndicho chenye mengi. Mkazi, kwa Kiswahili cha leo, ni mtu akaaye mahali fulani. Hata hivyo, katika Kiganda na Kihaya neno linalofanana nalo kwa umbo, omukazi, lina maana ya mwanamke, na Kiswahili chenyewe kimebaki na alama ya maana hiyo katika mkazamwana, yaani mke wa mtoto. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba mkazi ni neno kamili ndani ya jina, bado zipo njia mbili za kulifasiri, na hakuna kati yake inayomhitaji fundi.

Wengine, ili kuonyesha ukale wa jina, hutegemea msikiti wa Dimbani, ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi, yaani mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, yenye mwaka wa 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Ni hazina isiyo na kifani katika visiwa vyetu, ila tarehe hiyo ni ya ujenzi. Kuifanya kuwa tarehe ya jina ni kuibebesha zaidi ya inachosema.

Umuhimu wa maandishi ya kale huonekana tukilitazama jina la Unguja. Wengi husema limetokana na ungu lililojaa, ilhali mwanajiografia Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, aliandika Lanjuya, umbo linaloanza na l ambayo kisa cha ungu hakiielezi. Kwa Kizimkazi, msaada wa karibu zaidi ni Kikae, lahaja ya kusini mwa Unguja, ambayo matamshi na msamiati wake wa zamani vinafaa kurekodiwa kutoka kwa wazee wenyewe, wakilitamka jina hilo wanavyolitamka nyumbani, kabla ya kuulizwa habari za Kizi.